Kilima Kisichoota Kahawa

Mtu akionyeshwa kwa rangi, kwenye kioo cha kompyuta, mahali hasa ambapo mgonjwa atakwama, je, bado ana uhuru wa kukataa unachomwomba? Nimelibeba swali hili tangu mradi wa Hasamba, na nimestaafu bila kulijibu. Kituo cha afya kilijengwa, na kinafanya kazi. Si hilo linalonisumbua. Ninaliweka swali mwanzoni ili ninyi mnaobaki ofisini mlijue kabla sijaanza kuwachosha na habari za kontua, ile mistari ya vimo kwenye ramani.

Nimeondoka kwa hiari, mapema kidogo kuliko mlivyotarajia, kwa sababu macho yamechoka na kioo. Habari za vyeo nilivyopata zimo katika jalada langu la utumishi, na anayependa kusinzia anaweza kulisoma. Hapa nitasema habari za kazi yenyewe: kuijenga ardhi ndani ya programu kabla hatujaigusa kwa jembe.

Nilifika Tunduma na shahada ya usanifu majengo na viatu vya ngozi laini. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori, na kila lori lililosogea kwenye foleni ya mpakani liliitikisa meza ya kuchorea. Aliyenipokea alikuwa Bi. Subilaga, mkuu wa chumba cha michoro, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa amechora kwa kalamu ya wino miaka mingi kabla ya kulazimishwa kuijua kompyuta. Aliijua vizuri kuliko wengi, lakini hakuwahi kuiamini. Siku ile ya kwanza alinifungulia kiwanja kimoja kwenye kioo, akaweka kidole juu ya nukta mbili zilizopimwa na mpima ardhi.

“Hapa kuna kimo, na hapa kuna kimo. Katikati kuna nini?”

“Mteremko, dada.”

“Umeuona?”

“Sijauona.”

“Basi sema: programu inadhani kuna mteremko. Hii mashine ina adabu kupita kiasi, mdogo wangu. Ukiipa nukta mbili, itazifunga kwa mstari ulionyooka na wala haitakuuliza kama katikati kuna korongo. Mwenye adabu namna hiyo hafai kuwa shahidi.”

Tangu hapo nilijifunza kusema “programu inadhani”. Nyinyi mmenicheka kwa neno hilo, na baadhi yenu nimewasikia mkilitumia mkidhani sipo.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba programu zetu zilizaliwa kwa ajili ya nyumba. Zinajua ukuta, mlango, paa na sakafu. Barabara hazijui. Ukitaka barabara ya kupanda kilima, unachora sakafu ndefu na kuiinamisha. Unaweza kuiinamisha kwa mshale mmoja, nayo ikapanda sawasawa toka mwanzo hadi mwisho kama ubao ulioegemezwa ukutani; au unaweza kuishika nukta kwa nukta na kuilaza juu ya ardhi jinsi ardhi ilivyo. Njia ya mshale ni ya haraka na picha yake inapendeza. Lakini mshale hauonyeshi kwamba hapa utachimba kimo cha mtu na pale utajaza kifusi ambacho mvua ya masika itakishusha chote bondeni. Wageni wote huanza na mshale. Mimi pia nilianza nao.

Jambo la tatu lilitokea kwetu mpakani, na nadhani ni kosa ambalo haliwezi kufanyika mji mwingine kirahisi. Tulipewa kazi ya kuchora maegesho ya malori, na vipimo vilikuja kwa mafungu mawili. Fungu moja lilianzia kwenye alama ya kimo ya upande wetu. Jingine alilipima Bwana Sinkala, mpima kutoka upande wa pili, akaanzia kwenye alama ya kwao. Kila fungu lilikuwa sahihi peke yake. Nilipoyaunganisha, ukaibuka ukuta wa udongo kando ya mstari wa mpaka, mahali ambapo wanawake wenye mabeseni ya nyanya huvuka kwa hatua moja bila kuangalia chini. Bwana Sinkala alikuja na salamu zake za Kibemba, “Mulishani, bamayo?”, akaangalia kioo. Bi. Subilaga alivua miwani.

“Hongereni,” alisema. “Wakoloni walichora mstari tu. Ninyi mmeuinua.”

Tulicheka, kisha tukalisahihisha kosa. Lakini nilibaki na somo lile: kimo hakina maana mpaka kiulizwe kimeanzia wapi.

Jambo la mwisho alilonirithisha lilikuwa desturi yake, ambayo ofisi nzima iliita “kusukuma”. Bi. Subilaga hakusaini mteremko wa barabara yoyote kabla hajaupanda mwenyewe akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Alikuwa akiazima baiskeli kwa mtu yeyote wa kijijini, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kusukuma kufuata vigingi. Wahandisi walimwambia kwamba mteremko wa wastani unatosha, upo kwenye jedwali. Alijibu akihema, “Mguu haujui wastani.” Nadhani sentensi hiyo ndiyo elimu yangu yote ya baada ya chuo. Alipostaafu na kurudi kwao, aliniachia kiti chake na rula ya chuma. Rula niliivunja, desturi niliihifadhi.

Sasa nije Hasamba, kijiji kimoja cha Mbozi.

Mnaofanya kazi Mbozi mtakuwa mmeona kwamba shule zetu, zahanati zetu na hata ofisi za vijiji zimekaa mlimani. Wageni hudhani tunapenda mandhari. Sababu ni nyingine. Kijiji kinapohitaji eneo la umma, mtu mwema hujitokeza na kutoa ardhi, na ardhi inayotolewa ni ile isiyoota kahawa. Ile iliyo chini, nyeusi, yenye unyevu na karibu na njia, ina mikahawa, na mikahawa ni karo, ni bati, ni msiba utakaotokea mwakani. Hakuna anayeitoa, na sijawahi kumlaumu mtu kwa hilo. Kwa hiyo sisi wachoraji wa miteremko tumeishi kwa kahawa bila kuinywa: kila kilima tulichopewa kilikuwa kilima kilichokataliwa na mmea.

Kilima cha Hasamba kilitolewa na mjane mmoja, Mama Enesi. Mkwewe, mke wa mwanawe Joeli, alifia kwenye machela wakati wa uchungu wa kuzaa, akibebwa kuelekea barabara kuu, kwa sababu siku ile ya mvua gari halikuweza kufika kijijini. Mama Enesi alibaki na wajukuu wawili wa uzazi wa kwanza na wa pili, na baada ya matanga alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema anatoa kilima chake ili kijengwe kituo cha afya chenye wodi ya wazazi. Kijiji kilipokea kwa machozi. Bila kutungoja sisi, watu wakapanda na majembe kwa msaragambo, zamu kwa zamu, wakalisawazisha eneo la juu mpaka likawa kama meza. Tulipofika na mashine zetu za kupimia, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mwashiuya, mtu mwenye mwili mkubwa na kicheko kinacholingana nao, alitusimamisha katikati ya meza ile.

“Mama Injinia, tumekurahisishia. Wewe weka nyumba tu.”

Mimi ni msanifu majengo, lakini Songwe kila avaaye buti ni injinia, na nilikwisha kuacha kubisha. Nilimshukuru. Kisha nikatazama chini kule tulikotoka, nikaanza kuogopa.

Ndani ya programu hofu ikapata umbo. Jengo lilikaa vizuri juu. Watu walikuwa wamesawazisha kweli. Barabara ya kulifikia ndiyo iliyokataa. Nikiiinamisha kwa mshale mmoja, mteremko wa wastani ulikuwa unakubalika, na waliotutuma hawakuuliza zaidi ya wastani. Nikiilaza nukta kwa nukta, kulikuwa na kipande kifupi cha katikati kilichosimama kama ngazi. Nilikuwa nimeiagiza programu ipake rangi kwa ukali wa mteremko, kijani kwa palipo laini na nyekundu kwa palipo pakali, na kipande kile kilikuwa chekundu kabisa. Udongo mwekundu wa Mbozi ukilowa, mahali kama hapo hakipandi kitu isipokuwa nauli ya bodaboda.

Njia zilizobaki zilikuwa mbili, na zote zilipita mahali pamoja. Ya kwanza: barabara izunguke kwa kona ndefu na kupanda polepole. Ya pili: jengo lenyewe literemke mpaka kando ya njia ya chini, na kilima kiachwe. Barabara ya kuzunguka ingekula ukanda wa shamba la kahawa la Mama Enesi. Jengo lingekula karibu shamba lote la chini. Yaani mtu aliyekwisha kutoa ndiye aliyekuwa anaombwa tena, na safari hii aombwe kile kilichowalisha wajukuu wake.

Nilipeleka kompyuta kwenye ofisi ya kijiji. Walijaa mpaka madirishani.

“Mbona kijani kijani hivi? Hiyo ni masika?”

“Programu haijui kiangazi,” nilisema.

“Na nyumba yangu iko wapi hapo?”

“Haimo. Nimeweka ardhi tu.”

“Jamani, nimeshabomolewa!”

Walicheka, na kicheko chao kilinionyesha kwamba hawakuwa wamekiona kile kipande chekundu kama mahali. Walikiona kama rangi. Nikakumbuka baiskeli ya Bi. Subilaga. Lakini hii ilikuwa barabara ya wagonjwa, haikuwa ya magunia. Nikaomba machela.

“Nani atalala?” aliuliza mmoja.

“Mwenyekiti! Kila mkutano anasema ameulaza mwili wake kwa ajili ya umma.”

Bwana Mwashiuya alilala huku akilalamika, vijana wanne wakamnyanyua, wakaanza kupanda wakifuata vigingi vya barabara iliyonyooka. “Mnanibeba au mnanizika?” alipaza sauti. “Nani huyo anaimba pambio la msiba? Nitamtoza faini!” Kilima kizima kilikuwa kikicheka. Kisha wakafika kwenye kipande changu chekundu. Wa mbele waliinama mpaka magoti yakagusa udongo, wa nyuma wakainua mikono juu ya vichwa ili machela isiiname, na bado iliinama. Mwenyekiti aliteleza kuelekea miguuni, akashika mti wa machela kwa mikono miwili. Hapakuwa na mvua wala tope, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mzima. Walimshusha pale. Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu wote waligeuka kutazama chini, ambapo Mama Enesi alikuwa amesimama ukingoni mwa kahawa yake, jembe begani, akiangalia machela.

Alasiri nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile televisheni yako? Kaa hapa, kivuli kizuri.”

Nilikaa kwenye majani makavu chini ya mikahawa. Ilikuwa imetunzwa, matawi yamepunguzwa, mashina ni safi. Nilifungua kompyuta juu ya magoti. Aliangalia kwa muda mrefu bila kuigusa.

“Hapa pekundu ni wapi?”

“Ni pale walipomshusha mwenyekiti.”

“Mm. Na huu mstari wa njano?”

“Ni barabara, ikizunguka.”

“Inapita wapi?”

“Inapita kwako, mama. Hapa tulipokaa.”

Alitazama juu, kwenye matawi, kisha akarudi kwenye kioo. “Kompyuta yako haioni mikahawa?”

“Haioni. Inaona ardhi tu.”

“Basi ina bahati.”

Nilimweleza yote bila kuficha. Nilimwambia kwamba barabara ya kuzunguka ingechukua sehemu ndogo ya shamba, lakini ilikuwa na kasoro: siku ambayo gari halipo, wabebaji hawataizunguka, watakata moja kwa moja pale pekundu. Nilimwambia kwamba jengo likishuka chini hakuna atakayepanda chochote, lakini shamba litakwisha. Kisha nikasema jambo ambalo nilidhani ni la haki kuliko yote.

“Mama, unaweza kukataa. Umeshatoa. Sheria iko upande wako, na mimi nitaandika kwa mkono wangu kwamba umekataa kwa haki.”

Aligeuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

“Nikikataa, hapa pekundu patageuka kijani?”

“Hapana, mama.”

“Basi usiniambie naweza kukataa. Umenionyesha kwanza, ndipo unaniambia naweza kukataa. Ungeanza na la pili.”

Jibu nimelitafuta tangu siku ile. Ningemficha picha, ningekuwa mwongo. Ningemwomba kabla ya kumwonyesha, ningekuwa namwomba gizani. Lakini alikuwa amesema kweli: rangi ile ilikuwa na nguvu kuliko barua yoyote ya serikali, na mimi ndiye niliyechagua iwe nyekundu.

Mjukuu mmoja alipita na ndoo, akanisalimu, akaenda zake. Mama Enesi alichuma jani moja la kahawa lililoanza kuwa na kutu, akalisugua kwa kidole gumba.

“Hii tulipanda na marehemu mume wangu nikiwa na mimba ya Joeli,” alisema. “Kile kilima nilikitoa, watu wakanisifu mpaka kanisani. Lakini nikuambie wewe kwa kuwa si wa hapa: sikuumia. Pale palikuwa mawe. Mbuzi wenyewe walikuwa hawapendi. Nilimtolea marehemu mkwe wangu mahali ambapo mimi nisingeumia.”

“Mama, hakuna anayekudai zaidi.”

“Najua hakuna. Ndiyo ubaya wake.” Alisimama, akakung'uta kanga. “Nenda kapumzike. Asubuhi njoo na vigingi. Na mwenyekiti aje. Nitawaambia.”

Sikumwuliza atatuambia nini.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tuliposhuka kwenye gari Bwana Mwashiuya alikuwa amekwisha kufika, na watu wengi nyuma yake na majembe yao, wakiwa wamenuna. Habari zilikwisha kutembea kwamba meza yao ya kilimani ilikuwa hatarini. Mama Enesi alitoka nyumbani kwake akiwa na panga, Joeli akimfuata. Mama alikuwa amemwita kutoka Tunduma, na uso wa kijana ulionyesha kwamba walikuwa wamezungumza na kwamba hakuwa ameshinda.

“Jengo litakaa huku chini,” alisema Mama Enesi. “Kilima mnirudishie.”

“Mama, na kazi ya watu je?” Mwenyekiti alinyoosha mkono kuelekea juu. “Watu wamechimba mpaka mikono imetoka malengelenge. Tuwaambie ilikuwa bure?”

“Si bure. Watoto nitawaachia kiwanja cha mpira.”

“Kiwanja cha mpira! Mpira ukitoka nje tutaufuata mpaka mjini Mlowo.”

Mtu mmoja alicheka, na wengine wakamfuata, kwa uchovu. Mwenyekiti hakucheka. Alitazama kilima, akamtazama mama yule, kisha akavua kofia yake, akaishika mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshika mchoro ambao kona ya kwanza ya jengo ilikuwa pembezoni, mbali na nyumba yake, mahali ambapo mikahawa ilikuwa michache na imezeeka. Nilikuwa nimeisogeza huko makusudi, ili aumie kidogo. Nikamwonyesha. Aliuangalia mstari, akatingisha kichwa, akaingia shambani mpaka katikati, tukamfuata katika umande. Alisimama mbele ya mkahawa mmoja mpana, wenye mashina matatu, akaushika kama mtu anayeshika bega la mgonjwa.

“Mama, niachie mimi,” alisema Joeli.

“Huu hukuupanda wewe.”

Aliukata mwenyewe. Shina la tatu lilimpa shida, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza aliuburuta pembeni, akarudi akasimama palipokuwa na mti, akaninyooshea mkono wazi. Nilimpa kigingi. Alikisimamisha kwenye udongo mweusi, akakishika kwa mikono yote miwili, akageuza uso.

“Hapa,” alisema.

Nikainua nyundo, nikapiga.